Miguu Iliyoamka Msimu wa Maua

Nabeul, 6 Aprili 1986

Kwa Radhia, binti wa kaka yangu, tabibu wa Wafaransa,

Natumaini barua hii inakukuta umekula, maana baba yako anasema katika picha uliyotuma aliliona koti tu, wewe ndani hukuonekana. Sisi huku wazima, almuradi utuhesabu kuanzia kifuani kwenda juu. Bibi yako Beya anakusalimu. Magoti yanamsumbua, ila ulimi bado mpya kabisa. Baba yako amenunua pikipiki nyingine, na mpaka leo yeye ndiye anayeibeba.

Midanzi, ile michungwa michungu, imechanua. Nyua zote za mtaa zimetandikwa shuka, juu ya shuka maua, na juu ya maua wanawake wanagombana. Mtungi wa shaba unachemka tangu alfajiri, mvuke unageuka maji tone kwa tone, na harufu imeingia hata ndani ya mkate. Siku hizi mtu hajui kama yu macho au anaota. Nakaa kwenye kiti changu cha magurudumu, brashi mkononi, nachora samaki kwenye sahani. Nikiinua macho, samaki wameota mabawa. Mjerumani mmoja amewanunua wote.

Sasa shika ukingo wa meza. Miguu yangu imeamka.

Unajua jinsi ilivyokuwa tangu ule ugonjwa uliponiunguza uti wa mgongo. Miaka kumi na moja ilikuwa ikishtuka mara moja moja tu, kama paka aotaye. Basi mwezi uliopita goti la kushoto liliruka lenyewe, likapiga bakuli la rangi, ukuta mzima ukawa buluu. Mama akapiga kigelegele mpaka mfinyanzi wa jirani akadhani naoa. Toka hapo kila asubuhi miguu inacheza. Inanyooka, inakakamaa, inapiga teke, inatetemeka kama mtu anayesikia ngoma ya mbali. Mimi natazama tu. Sijaalikwa, lakini nimekaa mbele.

Mama amechinja kondoo kwa walii Sidi Ghrib, watu wakala kuskusi mpaka jioni. Wanakuja hata sasa, baada ya alasiri, kuitazama. Nimekuwa sinema, kasoro tiketi. Na kuna jambo jingine: wakati wa kucheza, malaika wa mikono, vile vinyweleo, hunisimama, na jasho linanitoka kipaji cha uso, ilhali kifuani kwenda chini ni mkavu kama tofali. Mama anasema hao ni malaika kweli, wamekuja kushuhudia.

Kichwa kinaniuma kidogo, lakini hicho hata zamani hakikuwa na kazi nyingi.

Niambie wewe uliyesoma: je, yaweza kuwa inaamka?

Ami yako,
Mongi


Marseille, 25 Aprili 1986

Ami yangu mpenzi,

Nimekula, mwambie Baba. Nilikula kuskusi ya kopo, nikalia, nikaimaliza. Hapa mvua inanyesha kwa adabu, haina radi wala vishindo, na wodi yetu ya mifupa na maambukizi imejaa. Mbusu Bibi mkono kwa niaba yangu, wa kulia, ule usio na kijiko.

Nina maswali manne, na nakuomba uyajibu kama unavyochora, usirukie sahani nyingine kabla rangi haijakauka. Je, una homa? Mkojo wako una rangi gani, na unanuka? Kichwa hukuuma wakati ule ule miguu inapocheza? Na la nne: ngozi ya pale unapokalia, nani huitazama?

Nijibu upesi. Ningepiga simu, lakini najua simu iko dukani kwa bwana mfamasia, Si Tahar, na maswali haya si ya kusikiwa na kila aliyekuja kununua dawa ya kikohozi.

Radhia


Nabeul, 30 Mei 1986

Binti yangu,

Barua yako ilikawia. Si Tahar mfamasia aliipokea, akaiweka chini ya mizani, akaisahau, kisha akanilaumu mimi kwa kutoiulizia. Huku salama. Binti wa mfinyanzi ameposwa. Pikipiki ya baba yako iliwaka Jumanne, ikamtisha.

Majibu. Homa ipo, inakuja na kwenda kama shemeji. Mkojo ulikuwa umechafuka, nikamwambia Si Tahar, akanipa vidonge vya kuua vijidudu. Nikavimeza, mkojo ukasafika, homa ikashuka. Na unajua nini? Miguu nayo ikatulia siku chache. Nikaikosa, Radhia. Mtu mzima mwenye mvi anaamka asubuhi, anatazama blanketi lisilotikisika, roho inamwanguka. Kisha homa ikarudi, na miguu ikarudi nayo, ngoma kubwa kuliko ya kwanza. Si Tahar amenipa vidonge vya rangi nyingine. Sasa tuko rangi ya tatu. Kuhusu kichwa, ndiyo, kinagonga wakati ule ule, kama kinapiga makofi.

Nikiwa na homa naota ndoto tamu. Nimeota natembea juu ya zile shuka za maua, ua moja kwenda jingine, na maua hayabonyei. Mama yuko upande wa pili, ananiambia, "Polepole, utayaamsha." Sikujua anasema maua au miguu.

Wageni bado wanakuja. Wanasema nanukia kama bwana harusi, maana siku hizi nanyunyizia mto wa kiti maji ya maua. Mwanamume asiyetembea angalau anukie.

Swali langu hukulijibu. Bibi yako ananiuliza kila siku umesemaje, nami namwambia barua za Ulaya ni nzito, zinakwenda kwa miguu. Je, inaamka?

Mongi


Marseille, 14 Juni 1986

Ami,

Hongera kwa binti wa mfinyanzi. Mwambie Baba pikipiki isiyowaka ni ile iliyo salama.

Uliulizwa manne ukajibu matatu. Nami bahasha yako nimeifungua wodini, muuguzi aliyekuwa mlangoni akauliza nani kaleta maua. Barua nzima inanukia! Ami, nusu ya utoto wangu nililala nyumbani kwenu. Maji ya maua Bibi huyapima kwa kijiko, kijiko kimoja kwenye keki, matone mawili kwenye kahawa ya mgeni wa heshima. Sasa wewe unayamwaga juu ya mto wa kukalia. Kwa nini? Ni harufu gani unayoifukuza?

Usinijibu kwa mzaha. Mficha maradhi, mwisho wake unaujua. Chukua kioo cha kunyolea, jilaze ubavu, utazame. Kisha niandikie ulichokiona, hata kama ni aibu. Mimi si mtoto tena, na kila siku natazama migongo ya watu wasionichekesha hata mara moja.

Radhia


Nabeul, 9 Julai 1986

Radhia,

Bibi mzima. Baba mzima. Paka mzima.

Nimetazama. Nilikuwa nimekwisha tazama, zamani kidogo, kabla maua hayajachanua. Kuna tundu. Liko chini, upande wa kushoto, pale mfupa unapokutana na kiti. Ni dogo, Radhia! Punje ya dengu ingeingia ikakwama. Nje ngozi imekunjamana vizuri tu. Lakini linatoa maji ya manjano, na maji hayo yananuka, nami nikatafuta dawa ya harufu badala ya dawa ya tundu.

Utaniuliza kwa nini Mama hajui. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa alikuwa akiniosha. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, na mama yangu ananigeuza kama samaki kwenye kikaango. Siku moja nikamwambia basi, kuanzia leo mlango wa bafu ni wangu. Alilia, lakini aliheshimu. Toka hapo hakuna mtu aliyeona upande wangu wa nyuma, na mimi mwenyewe nauona kwa kioo chenye ufa.

Na kuna hili, ambalo huenda umeshalikisia. Nilipoliona tundu, miguu ilikuwa imekwisha anza kucheza. Ukumbi ulikuwa umejaa wageni, na Mama alikuwa amevaa bangili zake za harusi. Niseme nini? "Samahanini, tokeni, nina jipu"?

Lakini tundu ni tundu na miguu ni miguu, au sivyo? Mtu anaweza kupata vyote viwili mwaka mmoja. Hii ni mara ya tatu nakuuliza, na nimechoka kumdanganya Mama kwamba posta ndiyo nzito.

Mongi


Marseille, 20 Julai 1986

Hapana, Ami. Haiamki.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi nikitafuta salamu ya kuitanguliza, sikuipata. Nisamehe.

Sasa nisikilize. Tundu unaloliona ni mlango tu, nyumba iko ndani. Naamini chini yake kuna usaha, na chini ya usaha mfupa wa kukalia umeingiwa na vijidudu. Mtu mwingine angepiga kelele tangu siku ya kwanza. Wewe maumivu yako yanapanda kama mjumbe mwenye barua, yanafika kifuani, yanakuta daraja limevunjika. Hayawezi kufika kichwani kukwambia. Basi yanageuka na hasira zake, yanaipiga miguu teke. Ndiyo ngoma yako hiyo. Jasho la usoni, malaika kusimama, kichwa kugonga, vyote ni mwili wako ukipaza sauti kwa njia ulizobakiwa nazo. Wakati huo shinikizo la damu hupanda vibaya, linaweza kupasua mshipa kichwani. Kichwa kikianza kugonga usilale. Kaa wima, legeza mkanda, hakikisha mpira wa mkojo haujajikunja, na kama hakitulii, hospitali papo hapo.

Mkojo ulinidanganya na mimi. Ulipochafuka nilifurahi, nikidhani jibu limepatikana. Kumbe kulikuwa na maradhi mawili, na lile jepesi lilijitokeza kulifunika zito.

Sasa nakuomba jambo ambalo Si Tahar ataliita wazimu. Acha vidonge. Vyote, kila rangi, kwa wiki mbili. Vidonge hivyo haviponyi mfupa, ila vinawanyamazisha vijidudu kiasi kwamba maabara haiwezi kuwajua kwa jina. Na mtu akipitisha pamba ya kipimo juu ya kidonda, mkatalie: pamba huokota wapita njia, wenye nyumba wamo mfupani. Nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani, Daktari Lamine, yuko hospitali ya Tunis, anakungoja. Atachukua kipande cha mfupa wenyewe. Ila homa ikikuzidi au ukianza kuweweseka kabla ya wiki mbili, usingoje kitu.

Hujaniuliza kama unaweza kufa, nami sitajibu ambacho hukuuliza. Nenda tu.

Radhia


Tunis, hospitalini, 12 Septemba 1986

Binti yangu mkweli,

Nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi, karatasi iko sakafuni na mkono unaning'inia, kwa hiyo herufi zikiyumba usidhani nimekunywa. Kila mtu hapa namjua kwa viatu. Daktari Lamine ana viatu vya kahawia na soksi zisizofanana. Nampenda.

Barua yako ya Julai niliisoma, nikaikunja, nikamwambia Mama: "Radhia anasema niende Tunis wakaniangalie." Nilisema hivyo tu. Akapiga kigelegele. Alidhani wananiita ili wanifundishe kutembea. Nikamwacha adhani.

Nikaacha vidonge, nikamwambia Mama ni amri ya daktari. Ee Radhia, wiki hizo! Homa ilinibeba kama mto. Nilikuwa naona maua mwezi wa Agosti, mengine yanadondoka kutoka dari. Miguu ikacheza usiku na mchana, na kwa mara ya kwanza nikaitazama bila kuipenda. Nilikuwa nikiiambia, nimekusikia, nimekusikia, punguza sauti.

Lamine akanitia chuma chembamba tunduni. Mimi sikuhisi kitu, lakini nikasikia: kilikwenda, kikaenda, kisha kik! juu ya mfupa, kama kijiko kwenye sahani niliyoichoma mwenyewe. Akasema, "Ulisikia, Si Mongi?" Nikasema, "Nimesikia, na ni ya tanuri nzuri." Akachukua kipande cha mfupa, akapeleka maabara. Tukangoja. Hakikuota kijidudu hata kimoja! Mfupa unatoa usaha, na maabara inasema humo hamna mtu.

Viatu vya kahawia vikaja karibu na kichwa changu.

"Si Mongi, umekuwa ukimeza dawa?"

"Wallahi sijameza."

"Unakula nini?"

"Chakula cha hospitali kwa macho. Kwa mdomo, bsisa ya Mama."

Mama alikuwa pale pale, amekuja na mtungi mwingine wa bsisa, ule unga wa shayiri na mafuta ya zeituni ambao kila mgonjwa hapa anautamani. Nikamwuliza, "Mama, umetia nini humu?"

"Shayiri, shamari, na mapenzi."

"Na nini tena?"

Viatu vyake vyeusi vikarudi nyuma kidogo. "Na vidonge vya Tahar. Nilivitwanga vizuri, hukuonja hata chembe. Tena usinigunie hivyo! Daktari anayemwambia mgonjwa aache dawa, nimwamini vipi? Mchuuzi wa samaki hajawahi kunambia nisile samaki."

Lamine alitoka nje ya chumba. Tulimsikia akicheka mpaka mwisho wa ukumbi. Aliporudi alikuwa mkali. Bsisa ikapigwa marufuku, na tukaanza kungoja upya, jambo ambalo halikumfurahisha mtu. Safari hii kipande cha pili kimeota wakazi wawili, na Lamine anawajua kwa majina. Kesho kutwa wananipasua: watatoa mfupa uliooza, kisha wavute nyama ya paja kufunika shimo. Halafu dripu, wiki nyingi.

Mama bado hajui kwamba miguu haiamki. Anakaa hapa, anaishika miguu inapocheza, anaiimbia. Nashindwa, Radhia. Nilipoteza miguu mara moja nikiwa peke yangu ndani ya homa, sikuona. Safari hii ni lazima nimnyang'anye mtu mwingine, na mtu mwenyewe ananitazama usoni.

Mongi


Marseille, 24 Septemba 1986

Ami,

Lamine amepiga simu. Umetoka salama, na mfupa uliobaki una damu nyekundu nzuri. Nilikaa kwenye ngazi za wodi nikalia, mgonjwa mmoja akanipa biskuti.

Kuhusu Bibi, nilitaka kukwambia kwamba nitamwandikia mimi. Niliandika barua mbili, nikazichana. Si zangu hizo. Kitu kimoja tu: asipojua, safari nyingine atachinja tena kondoo, na nyinyi wawili mtakaa mkila kuskusi huku mfupa unaoza. Hakuna mtu nyumbani mwenye macho ya kukutazama kila siku isipokuwa yeye. Ukimnyima ukweli unamnyima na kazi.

Radhia


Nabeul, 8 Machi 1987

Radhia, nuru ya macho,

Wote tunakusalimu. Baba yako ameuza pikipiki kwa mtu anayemchukia. Nimeruhusiwa kukaa, saa moja asubuhi na saa moja jioni, juu ya mto mpya uliojaa hewa. Nakaa kama sultani mwenye wasiwasi. Vidonge vya mwisho nilivimaliza Januari. Tundu limefungika, kovu lake refu, sawasawa na mstari niliouchora siku niliyopiga chafya.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa sina la kusema juu ya jambo lile. Sasa ninalo.

Miguu ilianza kunyamaza tangu dripu. Kila wiki ngoma ilipungua, mpaka tuliporudi nyumbani blanketi likawa limetulia kama ua lisilo na upepo. Wageni walikuja, wakakaa, wakanywa kahawa, wakatazama, wakaaga. Mama hakuuliza kitu. Nami nilikuwa nangoja aulize. Mwishowe, siku moja anamenya njegere, nikamwambia yote: tundu nililolificha, kioo, maji ya maua, mjumbe na daraja lako lililovunjika. Nilisema haraka haraka, nikitazama njegere.

Akamenya tatu, nne. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa inapiga kelele, nami nikapiga kigelegele."

Akainuka, akaenda jikoni, akakaa huko mpaka adhana. Siku kadhaa hatukutaniana, na nyumba yetu bila utani inatisha kuliko maradhi. Nilidhani nimemvunja.

Sasa jana. Nilikuwa kitandani baada ya chakula, jua dirishani, nusu nasinzia, na mdanzi wa jirani umeanza kutoa yale maua ya kwanza ya kijinga yasiyongoja wenzao. Mguu wa kushoto ukapiga teke. Moja tu, kubwa. Kikombe kikaanguka. Mama alikuwa mlangoni. Tukatazamana. Radhia, sikatai, moyo wangu wa kipumbavu uliruka kabla mguu haujatua.

Mama hakupiga kigelegele. Aliweka chini alichokuwa nacho, akafuta mikono kwenye aproni, akaja kitandani.

"Geuka nikuone."

"Mama, mimi ni mzee wa miaka arobaini na sita."

"Nami ndiye niliyekuona siku ya kwanza, na siku hiyo ulikuwa mbaya zaidi. Geuka!"

Nikageuka. Akavuta pazia ili jua liingie zaidi, akavaa miwani, akanipekua kama anachambua mchele: kovu, kiuno, visigino, mikunjo ya shuka. Nikasikia anaguna.

"Nini?"

Akanionyesha kiganjani. Kokwa ya zeituni. Ilikuwa imelala chini ya paja langu tangu chakula cha mchana, na pale ilipolala ngozi imeacha alama nyekundu. Mimi sikujua, lakini mguu ulijua.

Mama akaisugua ile alama kwa kidole gumba, taratibu, mpaka wekundu ukaisha. Kisha akaupigapiga mguu kama unavyompongeza punda aliyekataa kuvuka mto wenye mkondo.

"Huu una akili kuliko mwenyewe," akasema, akaenda kutafuta kikombe kingine.

Ami yako,
Mongi